Kupiga Muziki kwa Macho

Mtu wa miaka arobaini na sita akisema amestaafu, watu humwangalia miguu kwanza, halafu macho, wakitafuta ugonjwa. Wangu hauonekani, na kwa muda mrefu nilifanya bidii usionekane. Nimepiga muziki katika ukanda huu wa pwani, kuanzia Bunju mpaka Pangani, kwa miaka ishirini na saba: kwanza kinanda, halafu CD, halafu kompyuta na kontrola. Vijana wa fani wameniomba mara kadhaa niwaandikie mambo yalivyokuwa. Nadhani walitaka hadithi za watu maarufu. Sina. Nina habari za nyaya, za chumvi, na za harusi moja ya Mbegani.

Baba yangu alikuwa mwalimu, mtu wa bara aliyehamishiwa Bagamoyo akiwa kijana na hakuomba uhamisho tena. Nyumbani tulikuwa watu wa kanisani, kwa hiyo kinanda nilikikuta kwenye kwaya. Aliyenifundisha ni Mwalimu Paskali, mpiga kinanda wa parokia, mtu mwenye vidole vifupi na subira fupi zaidi. Hakuwahi kunipa somo la nadharia. Alikaa, akapiga, akainuka, akasema, "Haya." Nikikosea alizima swichi ukutani na kwenda kuvuta sigara.

Jumapili ya kwanza aliponiachia ibada nilikuwa kidato cha nne. Kinanda chetu kilikuwa cha umeme, chenye kitufe cha kuhamisha sauti: unakibonyeza na kila noti inapanda au inashuka, bila wewe kubadilisha vidole. Jumamosi nilikuwa nimekichezea nikakiacha kimepanda hatua nne. Wimbo wa kuingilia ukaanza. Sauti ya kwanza walifika ubeti wa pili wakiwa wamesimama kwa vidole vya miguu, shingo zimetoka mishipa, na mimi nikaona ndiyo furaha ya kwaya. Baada ya misa Mwalimu Paskali alinipa mkono. "Umewapandisha mbinguni kabla ya siku zao," alisema. Tangu hapo, kabla ya kugusa chombo chochote, nakagua vitufe vyote ambavyo mtu mwingine, au mimi wa jana, angeweza kuviacha vibaya. Fanyeni hivyo. Nusu ya ajali za kazi hii zilitengenezwa jana yake.

Baba alitaka niende chuo cha ualimu. Nilikwenda Tanga na bendi. Toka hapo sikukaa mahali: Pangani, Unguja, Tanga tena, Msata kwa miezi minane katika ukumbi uliokuwa ghala la mahindi. Miji hiyo naikumbuka kwa mwangwi wake. Kuna ukumbi Pangani wenye kuta za mawe ambako noti moja ya kinanda ilikuwa ikikaa hewani mpaka unaionea aibu. Nilikwenda kuutazama miaka michache iliyopita. Wameweka dari ya plastiki.

Vinanda vya siku hizo vilitunza midundo kwenye disketi. Mpiga kinanda wa taarabu au wa harusi alitembea na disketi zake mfukoni, na joto la mfukoni ndilo lililoziua. Mimi nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la maziwa ya unga. Zilipokuja mashine za CD, watu walianza kuomba didjei mmoja badala ya bendi ya watu sita, nami nikahama bila sherehe. Kontrola zikaja baadaye. Kwa asiyejua: ni ubao wenye sahani mbili za kuzungusha na vitufe vingi, unaunganishwa kwa waya na kompyuta, na nyimbo zote zimo ndani ya kompyuta. Ubao wenyewe hauna wimbo hata mmoja. Niliponunua ya kwanza, fundi mmoja wa redio aliigeuza akatafuta mahali pa kuweka CD, akanirudishia kwa huruma.

Machache kuhusu kontrola huku kwetu. Chumvi ya hewani inakula matundu ya waya; sugua ncha ya waya kwa kifutio cha penseli kila wiki. Ukimaliza kazi ifunge kwa kanga kavu, si kwa nailoni, maana nailoni inatunza unyevu. Sahani zake zinahisi mguso, na mkono wenye jasho zinauhisi mara mbili, kwa hiyo uwe na kitambaa begani. Mchana kioo cha kompyuta hakionekani chini ya turubai jeupe. Chukua boksi la sabuni, likate upande mmoja, ingiza kompyuta humo. Utaonekana kama unapika mandazi, lakini utaona nyimbo. Umeme ukikatika, kompyuta na kontrola zinaendelea kwa betri huku spika zimenyamaza. Shusha sauti yote hapo hapo. Usiposhusha, umeme ukirudi utaamsha mtaa.

Aliyenifundisha pwani yenyewe ni Bi Zuhura, mkodishaji wa maturubai na viti pale Bagamoyo. Kila harusi kati ya Kerege na mjini ilipita mikononi mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu wamchukue didjei gani. Nilikuwa mtu wa kanisani, tena mwana wa mtu wa bara, na yeye alinisimamia kama mtoto aliyepewa kulea. Kabla ya kufunga spika, alinielekeza, ulizia kwanza kama kuna msiba mtaani au mgonjwa wa karibu. Kisha tafuta msikiti uko upande gani. Adhana ikianza, muziki unazimwa mpaka iishe. Hapo hungoji kuambiwa. "Hapo hakuna mbwembwe za wimbo unafika patamu," alisema. "Ukate hata kama bibi harusi yuko hewani." Nilikata kwa miaka na miaka. Nilivaa hedifoni sikio moja, jingine nikaliacha wazi kwa ajili ya msikiti.

Sikio la wazi lilikuwa la kushoto. Ndilo lililokwenda kwanza.

Lilianza na mlio mwembamba, kama wa mbu aliyekwama, ambao ulibaki hata nikifika nyumbani. Baadaye mlio ukapungua na pamoja nao vikapungua vitu vingine: ndege, kengele ya baiskeli, herufi za mwisho za maneno ya watu. Mke wangu aliona kabla yangu. Mvua ilikuwa inapiga bati, mimi nimekaa sebuleni, nguo ziko nje; alipoingia ameloa aliniuliza kama nimegombana naye. Hospitalini walinipa karatasi yenye mstari unaoanza juu kushoto na kuporomoka kulia. Daktari alieleza kwamba sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi, na kwamba nikiendelea na kazi hii nene zitafuata. Niliikunja nikaiweka kwenye kitabu cha maelezo cha kontrola, mahali ambapo hakuna mtu anasoma.

Sikumwambia mtu. Didjei asiyesikia ni kama dereva asiyeona. Haulizwi mara mbili. Na hapa ndipo mashine hizi mpya zilinisaidia kwa namna ambayo waliozitengeneza hawakuikusudia. Katika kompyuta, wimbo unaonekana. Unapita kwenye kioo kama mawimbi ya rangi: ngoma nyekundu, sauti ya mwimbaji buluu, vinanda kijani. Mawimbi ya nyimbo mbili yakikaa sambamba, zinaoana, yakipishana, zinagombana. Kuna hata kitufe cha kuyaoanisha chenyewe. Besi niliipokea kwa nyayo, na mengine yote niliyatazama. Watu walinisifu kwamba siku hizi nimetulia, sipaparuki. Ni kweli. Nilikuwa nasoma.

Adhana ndiyo haikuonekana kwenye kioo. Kwa hiyo nilitega simu itetemeke dakika mbili kabla ya kila adhana, nikaiweka mfuko wa shati. Ikitetemeka kifuani nilishusha muziki taratibu, na watu wakasema, "Festo anatuheshimu, anakata hata kabla ya muadhini." Nilipokea sifa hiyo kwa miaka mitano. Jambo moja sikulijua: kwa kuwa sauti nyembamba sikuzisikia, nilikuwa nazipandisha kila wiki kidogo zaidi ili muziki ufanane na ule ninaoukumbuka. Bi Zuhura alinidokeza kwamba siku hizi spika zangu zinakwaruza. Nilimjibu ni vumbi.

Harusi ya Mbegani ilikuwa ya binti wa Mzee Athumani, mjenzi wa boti aliyestaafu. Harusi ya mtoto wake mkubwa, Hamisi, nilikuwa nimepiga mimi pia, miaka mitatu nyuma. Safari hii ilikuwa shughuli ya wanawake, mchana, chini ya turubai la Bi Zuhura. Wanaume walikaa kwenye baraza la nyumba ya pili. Kazi ilikwenda vizuri. Ilipokaribia alasiri, shangazi wa bibi harusi alinijia na simu mkononi akitaka wimbo ambao mimi sikuwa nao. Nikamwambia anitumie kwenye simu yangu. Ukaingia. Njia ya haraka ya kuupiga ilikuwa kuchomeka simu moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, na ndivyo nilivyofanya. Nikailaza juu ya spika ndogo pembeni yangu, nikaupiga wimbo.

Mtaona kosa. Simu ilikuwa sikio langu, na nilikuwa nimelitoa mfukoni nikalilaza juu ya kitu kinachotetemeka chenyewe.

Wimbo wa shangazi uliwapendeza. Nilikuwa nimeinama kwenye boksi langu natafuta wa kuufuata, kichwa kinatikisika kwa mdundo wa nyayo. Nilipoinua macho, hakuna aliyekuwa anacheza. Wanawake wamejifunika mitandio, wengine wamekaa, wote wananitazama. Nilidhani kuna msiba. Kisha nyayo zikanyamaza: shangazi yule yule alikuwa amechomoa waya wa umeme. Alisema kitu ambacho sikukipata. Mzee Athumani alikuwa ameshaingia chini ya turubai, kanzu na kofia, akiwa njiani kwenda msikitini. Alisimama mbele ya meza.

"Adhana nzima, Festo," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho. Nisubiri hapa hapa."

Akaenda kuswali.

Dakika zile ishirini ndizo ndefu kuliko zote za kazi yangu, na sikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono. Shughuli ilisimama. Bibi harusi, aliyekuwa atolewe ndani baada ya alasiri, alibaki ndani. Nilijua kinachofikiriwa, kwa kuwa kilikuwa kinasemwa mbele yangu na midomo nilikuwa naiona: Mkristo huyu amezoea, sasa anatudharau. Bi Zuhura alikuja na kiti akakaa karibu. Yeye ndiye aliyenileta kwa Mzee Athumani, mara zote mbili.

"Mwanangu, ulisinzia?"

Nikamwambia sikusinzia.

"Basi sikiliza. Akirudi, sema kompyuta iliganda. Sema ulibonyeza haikukubali. Mimi nitasema nilikuona ukihangaika nayo."

Ulikuwa uongo mzuri. Kompyuta huganda, kila mtu anajua. Ya kwangu iliwahi kuganda Kerege mbele ya mbunge mstaafu. Ukikubaliwa, Jumamosi ijayo niko kazini. Lakini maana yake ni kwamba adhana niliisikia, na wanawake hamsini walikuwa wameniona nikitikisa kichwa. Uongo huo ungesimama kwa neno la Bi Zuhura tu. Yeye alikuwa ameshatawadha. Alikuwa anasubiri nafasi ya kuswali chumba cha ndani, na kabla ya kwenda huko alikuwa tayari kunitolea ushahidi wa uongo kuhusu adhana, mbele ya watu wake.

Nilimwambia aende akaswali.

Mzee Athumani aliporudi nilisimama, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, jambo ambalo halikuwa lazima.

"Nijibu neno moja," alisema. "Ulisikia ukaacha, au hukusikia?"

"Sikusikia, mzee."

"Hapa mpaka mbuzi wamesikia."

"Mzee, mimi sisikii. Sikio la kushoto limekufa, na la kulia linafuata. Sasa hivi nakusoma midomo."

Mzee alitazama spika, akatazama kontrola, akanitazama mimi. Akajiweka sawa ili uso wake uwe mbele ya wangu. Alikuwa wa kwanza kunifanyia hivyo.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na harusi ya Hamisi?"

"Niliipiga kwa macho."

Akazunguka meza, akaniambia nimwonyeshe. Nikasogeza boksi. Aliinama, akavaa miwani, akatazama mawimbi mekundu na buluu kama anavyotazama ubao wenye ufa. Nilimweleza simu ya mfukoni, na kwa nini leo haikuwa mfukoni. Shangazi alikuwa amesogea. Aliposikia habari ya simu aliweka mkono mdomoni, na hapo nikampoteza, sijui alisema nini.

"La adhana nimelifuta," Mzee Athumani alisema. "Hukuisikia, huna kosa. Lakini ulikuja kwangu mara mbili ukaniambia wewe ni fundi wa sauti. Watoto walikuwa wanaziba masikio, nikawagombeza kwamba ni ushamba. Hilo bado linaniuma."

Kuhusu watoto sikujua kabisa. Wangeziba masikio mbele yangu nisingewaona. Mimi nilikuwa ndani ya boksi.

Aliamua shughuli iendelee mpaka magharibi, kwa sharti kwamba sauti itapangwa na shangazi. Yule mama hakuwahi kugusa mikisa maishani. Nilimwonyesha vifundo vitatu vya kuzungusha: cha juu cha sauti nyembamba, cha kati, na cha chini cha besi. Alikishika cha juu akakirudisha nyuma, nyuma zaidi, karibu robo tatu ya safari yake, mpaka nikaona mabega ya wanawake yakishuka yote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimewafanyia nini watu kwa miaka. Bibi harusi alitolewa. Nilipiga nyimbo zangu zilizobaki. Magharibi ilipokaribia shangazi alinigusa bega, nikakata.

Bi Zuhura alikuja nyumbani Jumatatu. Hakupiga simu, alikuwa ameshaelewa. Alikaa uso kwa uso nami akaniuliza awaambie nini wenye harusi za mwezi ule.

"Waambie ulivyosikia."

"Watakuacha, Festo."

"Najua, bi."

Waliniacha, kwa adabu zote. Mmoja tu alisisitiza niende, na nikagundua alikuwa anatafuta punguzo. Miezi miwili baadaye nilikuwa na muda mwingi na kontrola ndani ya kanga.

Ndipo akaja Shaibu. Wengi wenu mnamjua. Anapiga Kerege na Msata, miaka thelathini na miwili, mkono mwepesi kuliko wangu wa wakati wowote. Alikuja kuinunua. Tuliiweka mezani, akachomeka hedifoni zake, akaanza kuijaribu. Mimi sikuwa nasikia chochote, kwa hiyo nilitazama taa. Kontrola ina taa ndogo za kipimo cha sauti: kijani, njano, nyekundu juu kabisa. Shaibu alipandisha sauti ya hedifoni mpaka mwisho, akapandisha na ya wimbo, na taa zikakaa kwenye nyekundu. Hakukunja uso. Alitikisa kichwa kwa raha. Alipovua hedifoni nikamuuliza bei yake, alinigeuzia shavu la kulia ili anisikie.

Nilimwambia mashine haiuzwi mpaka aniletee karatasi ya hospitali ya masikio. Alicheka. Alipoona sicheki alikasirika.

"Kaka Festo, wewe umeshindwa sasa unataka tushindwe wote," alisema, akaondoka.

Alirudi wiki ya tatu. Alikaa, akatoa karatasi mfuko wa nyuma, akaikunjua mezani na kuilaza kwa kiganja. Mstari ulikuwa unaporomoka mapema kuliko nilivyotarajia, ingawa si kama wangu. Daktari, aliniambia, amesema mengi yaliyobaki yanaweza kutunzwa kama atapunguza kazi na kuvaa vizibo. Kontrola hakuitazama. Nilimuuliza kama Jumamosi ana kazi. Akasema ipo, harusi Msata.

"Mwenye harusi anajua?"

Kidole chake kikafuata ule mstari juu ya karatasi. Kisha akatoa simu, akatafuta jina, akaiweka sikio la kulia. Sikusikia upande wa pili walisema nini, na ya Shaibu pia sikuyasikia. Lakini alikuwa amekaa mbele yangu, kwenye mwanga wa dirisha, na midomo yake niliisoma yote: "Shikamoo mzee. Kuna jambo langu sikukuambia."